Molekuli Zinavyoshikana: Maji ya Ghubra, Gesi ya Qalhat na Mnazi wa Unguja

Mhadhara kwa wasemaji wa Kiswahili, Ghala, Maskati



Ghala hii tuliyokaa ina sura mbili. Upande wa milimani kuna kijiji cha kale, mitende na maji ya falaji, yaani mfereji wa jadi. Huku chini ni gereji, karakana, bohari na ofisi. Ukishuka kuelekea baharini, kwa mwendo mfupi wa gari unafika Ghubra, ambako tangu mwaka 1976 maji ya bahari yanageuzwa maji ya kunywa. Ukiifuata pwani hadi Qalhat, karibu na Sur, unakuta kiwanda ambacho tangu mwaka 2000 kinaigeuza gesi ya ardhini kuwa kimiminiko na kuipakia melini. Kazi hizi mbili zinakwenda kinyume. Mitambo ya mwanzo ya Ghubra ilikuwa ikiziachanisha molekuli zilizong'ang'aniana. Qalhat inazikutanisha molekuli ambazo hazishikani ila kwa kulazimishwa na baridi kali. Nguvu inayopiganiwa kote kuwili ni moja: mvutano baina ya molekuli na mwenziwe wa aina ileile. Hiyo ndiyo mada yangu leo, na nimeichagua kwa sababu sioni somo la kemia lenye uzito zaidi kwa maisha ya nchi hii, wala lililofundishwa kwa haraka zaidi likapitwa.

Nianze na namba mbili, 16 na 18. Molekuli ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi inayotoka ardhini Omani, ina uzito wa 16 kwa kipimo cha wanakemia. Molekuli ya maji ina uzito wa 18. Karibu ni sawa. Mtu angetazamia vitu viwili vya uzito unaokaribiana hivyo vichemke kwenye joto linalokaribiana. Lakini methani inachemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, na maji yanachemka kwenye nyuzi 100 juu yake. Tofauti ni nyuzi 262. Ingekuwa uzito ndio unaoamua, pasingekuwa na bahari hapo Azaiba, wala mto wala kisima duniani. Maji yote yangekuwa hewani. Kinachoamua ni jinsi molekuli zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Molekuli ya maji ni oksijeni moja na haidrojeni mbili. Muungano huo wa ndani ni mgumu sana kuuvunja. Birika linapochemka, hauvunjiki. Mvuke unaotoka mdomoni mwa birika ni maji yaleyale, molekuli zilezile nzimanzima, hakuna haidrojeni iliyotengana na oksijeni yake. Kilichokatika ni mshikamano wa nje, ule unaoishikisha molekuli moja na jirani zake. Kuuvunja muungano wa ndani wa maji kunataka nishati zaidi ya mara 20 ya ile inayotosha kuzitawanya molekuli kuwa mvuke. Ukiuliza darasani mapovu ya maji yanayochemka yana nini ndani, wako watakaojibu "hewa", na wako watakaojibu "oksijeni na haidrojeni". Mwenye kujibu hivyo hajaelewa bado, hata kama ameshika majina yote ya kitabuni.

Kwa nini basi maji yanashikana hivyo? Oksijeni ina tabia ya kuzivutia elektroni upande wake. Matokeo yake upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na zile haidrojeni mbili zinabaki na chaji chanya kidogo. Haidrojeni ya molekuli moja inaielekea oksijeni ya jirani, inaikaribia, inanata. Wanakemia wanakiita kifungo cha haidrojeni, na maelezo yake ya mwanzo yaliyo wazi yaliandikwa mwaka 1920 na Wendell Latimer na Worth Rodebush huko California. Molekuli moja ya maji inaweza kushikana hivyo na jirani wanne. Vifungo hivyo havidumu. Kila kimoja kinakatika na kufungika upya kwa kasi isiyowazika, ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Lakini wakati wowote ule vilivyofungika ni vingi. Ni kama kamba ya usumba: uzi mmoja wa makumbi unaukata kwa vidole, ila ukisokotwa na wenziwe unazuia jahazi lisichukuliwe na mkondo.

Tazama sasa jamaa wa maji. Salfa iko chini ya oksijeni kwenye jedwali la elementi, na ikiungana na haidrojeni mbili inatoa gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo mafundi wa visima vya mafuta wanaiogopa kwa sumu yake. Molekuli yake ina uzito wa 34, karibu mara mbili ya maji, lakini inachemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Haina vile vifungo vya haidrojeni vyenye nguvu kama vya maji.

Methani nayo haina kabisa pembe ya chanya na pembe ya hasi. Haidrojeni zake nne zimeizunguka kaboni kwa usawa pande zote. Kwa hesabu ya haraka tungesema molekuli zake hazina sababu ya kuvutana. Hata hivyo zinavutana, la sivyo isingewezekana kuigeuza kimiminiko kwa baridi yoyote. Jambo hili liliwasumbua watu muda mrefu, na waliolifumbua wanastahili kutajwa zaidi ya majina yao kubandikwa kwenye nguvu hizo.

Wa kwanza ni Johannes Diderik van der Waals, aliyezaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1837, mtoto wa seremala. Hakusoma Kilatini wala Kigiriki, na zama hizo asiyezijua lugha hizo hakuruhusiwa kufanya mitihani ya chuo kikuu. Akawa mwalimu wa shule, akijisomea huku akifundisha, mpaka sheria ilipolegezwa. Mwaka 1873, akiwa na miaka 35, alitoa tasnifu yake. Wakubwa kabla yake walikuwa wakipiga hesabu za gesi kana kwamba molekuli hazina ukubwa na hazivutani. Yeye alisema: zina ukubwa, na zinavutana, na mvutano huo ndio unaoigeuza gesi kuwa kimiminiko, hakuna nguvu mbili tofauti, moja ya gesi na nyingine ya kimiminiko. Alitia marekebisho mawili tu kwenye mlinganyo wa zamani, na hesabu zikaanza kukubaliana na majaribio. Mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Kwa maoni yangu tasnifu ile ya mwalimu wa shule ina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa misingi ya uchumi wa Ghuba nzima, kwani kila mhandisi wa gesi leo anatumia milinganyo iliyozaliwa humo.

Van der Waals alionyesha kwamba mvutano upo. Unatoka wapi, alikuja kueleza Fritz London mwaka 1930, akiwa Berlin. Elektroni hazitulii. Hata kwenye molekuli iliyo sawa pande zote, kwa nukta fulani elektroni huwa zimeelemea upande mmoja, na upande huo unapata chaji hasi ya kupita. Chaji hiyo inazisukuma elektroni za molekuli jirani, nayo inaelemea vilevile, na kwa nukta hiyo mbili hizo zinavutana. Wimbi hilo halikomi. Ni mvutano hafifu, na unafifia upesi mno: ukiongeza umbali mara mbili, unapungua mara 64. Ila kila molekuli inao, na kadiri molekuli inavyokuwa kubwa, yenye elektroni nyingi, ndivyo mvutano unavyokua. London alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimwondoa kazini, akahamia Uingereza, kisha Ufaransa, na hatimaye Marekani, alikofundisha hadi kufa.

Ushahidi wa London umejaa hapa Ghala. Ingieni gereji yoyote. Methani ina kaboni moja na inachemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri. Ethani, kaboni mbili: 89 chini ya sifuri. Propani, tatu: 42 chini ya sifuri. Butani, nne: karibu na sifuri yenyewe. Pentani, tano: 36, maana yake mchana wa Julai hapa mjini ingechemka bila moto. Oktani, nane: 126. Petroli ni ya minyororo mifupi, dizeli mirefu zaidi, oili ya injini mirefu kuliko hiyo, na lami inayotandazwa barabarani ni ya molekuli kubwa mno zilizokumbatiana hata zikawa kama jiwe. Zote ni ukoo mmoja wa kaboni na haidrojeni. Harufu ya petroli inakupiga mlangoni kwa sababu molekuli zake zinaponyoka. Grisi inakaa ilipopakwa kwa sababu zake haziachani. Fundi anayajua haya kwa mikono yake kabla hajafundishwa na mtu.

Na mtungi wa gesi ya kupikia? Ndani yake mna propani na butani zikiwa kimiminiko; ukiutikisa unasikia kikicheza. Hazikutiwa kwenye baridi, zimebanwa tu. Zikibanwa, molekuli zinakaribiana kiasi cha mvutano wa London kuzikamata. Methani huwezi kuifanyia hivyo. Juu ya nyuzi 82 chini ya sifuri, ukiibana utakavyo haiwi kimiminiko, kwa kuwa mwendo wa molekuli zake unaushinda mvutano wao. Ndiyo maana Qalhat wanalazimika kuipoza. Kwanza wanaitoa maji na kaboni dioksidi, maana vingeganda na kuziba mabomba; kisha gesi inapozwa hatua kwa hatua hadi kufikia nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo inashikana, na ujazo wake unapungua karibu mara 600. Bila ya kupungua huko, meli isingebeba gesi ya kutosha kulipia safari ya Korea au Japani. Mzigo wa kwanza uliondoka Aprili 2000. Kinachouzwa ni gesi, lakini kilichojengewa kiwanda kizima ni kuulazimisha mvutano hafifu ufanye kazi.

Sasa turudi Ghubra, tulipokuwa na tatizo la kinyume. Kilo moja ya maji ya nyuzi 25, kuifikisha nyuzi 100 kunataka kilojuli 314 hivi. Kuigeuza mvuke ikiwa tayari ina nyuzi 100 kunataka kilojuli 2,257 nyingine, mara saba ya zile za mwanzo, na kipimajoto hakisogei hata kidogo. Joto lote hilo linatumika kukata vifungo. Ukitaka kuchemsha lita 1,000 za maji ziishe zote kuwa mvuke, ukauacha mvuke upotee na joto lake, utatumia zaidi ya kilowati-saa 600. Hakuna nchi, hata yenye mafuta, ingeweza kunywa maji ya bei hiyo.

Wahandisi wa mitambo ya kuchemsha walipata njia. Molekuli zikishikana tena, zinarudisha joto lote zililolichukua wakati wa kuachana. Kwa hiyo maji ya bahari yaliyochemshwa yanapitishwa kwenye chumba chenye shinikizo pungufu, sehemu yake inaruka kuwa mvuke, kisha chumba cha pili chenye shinikizo dogo zaidi, cha tatu, na kuendelea. Kila chumbani mvuke unakutana na mabomba yanayoleta maji mapya ya bahari yaliyo baridi, unatonea juu yake ukawa maji matamu, na joto unaloliacha linayapasha moto yale yanayokuja. Joto lilelile linafanya kazi mara nane hadi kumi. Kwa hesabu hiyo ndipo Maskati ya miaka ya sabini ilipoweza kupanuka kutoka mji wa visima na mafalaji hadi kufika mnapoijua leo.

Hata hivyo joto kila linaporudi hupungua, na gharama ilibaki kubwa. Mwaka 2016 mtambo wa njia nyingine ulianza kazi Ghubra, ule wa kuyasukuma maji ya bahari kwa nguvu kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Unahitaji shinikizo la mara 60 hivi ya hewa tunayoivuta, lakini umeme unaotumika ni kilowati-saa tatu au nne kwa lita 1,000. Siri ya nafuu hiyo ni nyepesi: maji yanaingia yakiwa kimiminiko na yanatoka yakiwa kimiminiko. Hayalazimishwi kuachana na wenziwe yawe mvuke. Aliyefahamu mshikamano wa molekuli anaelewa papo hapo kwa nini nchi za Ghuba zinauacha moto na kuufuata utando.

Mshikamano huu haukuanzia viwandani. Mtende na mnazi inautumia kila siku. Pampu ya kuvuta maji kwa kunyonya kutoka juu haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, kwa sababu kinachoyasukuma ni uzito wa hewa, na uzito huo hauzidi hapo. Lakini mnazi wa Unguja unapita mita 20, na mtende mrefu vilevile, na maji yanafika kileleni. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walitoa maelezo ambayo wengi wa wataalamu wa mimea wanayakubali hadi leo. Maji yanaruka kutoka kwenye majani kwa jua. Kila molekuli inayoondoka inaacha pengo, na iliyo nyuma yake inavutwa, nayo inavuta iliyo nyuma, mpaka mizizini. Safu nzima ya maji ndani ya mirija myembamba ya shina inaning'inia kama uzi uliokazwa, na haikatiki kwa sababu molekuli zinashikana.

Mti mwingine unaweza kuota mirija mipya kila mwaka kuzunguka ile ya kale. Jamii ya minazi na mitende haifanyi hivyo. Mirija iliyonayo kwenye shina ni ya maisha. Mtende uliopandwa na babu yako unayapandisha maji ya falaji leo kwa mirija ileile ya enzi zake. Mimi nikiutazama mtende mkongwe mchana wa jua kali, hilo ndilo linalonishangaza kupita tende zake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Wazee wetu wa Omani walikuwa wakitundika jahla, mtungi wa udongo usiopakwa rangi wala kioo, kama inayofinyangwa Bahla, mahali penye upepo. Maji yanapenya udongoni, yanaruka kutoka juu ya ngozi ya mtungi, na molekuli zinazoondoka ni zile zenye kasi kubwa. Zinazobaki ni za polepole, na maji ya ndani yanakuwa baridi. Kilichopoza ni gharama ya kukata vifungo. Mtungi wa Unguja ulifanya kazi hiyohiyo, lakini si kwa kiwango cha jahla ya Nizwa, maana hewa ya Unguja ina unyevu. Hewa ikishajaa mvuke, molekuli zinazorudi mtungini zinakaribia kuwa sawa na zinazotoka, na baridi haipatikani.

Mwili wa mtu ni hivyohivyo. Lita moja ya jasho likikauka juu ya ngozi linaondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto. Jasho likidondoka chini bila kukauka halijauondolea mwili joto hilo. Limechukua maji na chumvi tu. Hewa ikiwa na joto kuliko mwili, hiyo ndiyo njia ya pekee iliyobaki ya kujipoza. Katika mkoa huu wetu wa Maskati, huko Quriyat, mwezi Juni 2018, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa usiku na mchana mzima. Na sote tunaijua miezi ambayo unyevu wa bahari unapanda hadi shati linaganda mgongoni hata kivulini.

Sheria ya Omani inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Ni sheria njema, ila inaangalia saa, na jasho haliangalii saa, linaangalia unyevu. Katika vijana wanaofanya kazi kwenye gereji na majengo ya Ghala wamo jamaa zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, na wako wa Bara Hindi walio wengi kuliko sisi. Ombi langu kwa wenye gereji na wakandarasi mliomo humu: nunueni kipima unyevu, ni kitu cha bei ndogo, mkitundike kando ya kipimajoto. Mkiona vyote viwili vimepanda, wapeni watu maji, waingizeni penye kiyoyozi, na wapumzisheni hata kama saa ya marufuku haijafika au imeshapita.